Friedrich Fröbel, yatima aliyewapa watoto wadogo duara la kuchezea na kujifunzia

Katika shule za maternele, huko Baraka na Fizi kama vile kwingine, siku mara nyingi huanza kwa watoto kukaa ao kusimama kwa kuzunguka. Wanaimba, wanasalimiana kwa majina, wanasikiliza hadithi fupi, kisha wanaenda kwenye kazi zingine. Wazazi wengi wanaopita karibu na dirisha wanafikiri ni njia ya kutuliza kelele tu, na kwamba masomo yenyewe yataanza baadaye. Mtu aliyeingiza mchezo huo ndani ya shule hakufikiri hivyo. Ni Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1852, wakati serikali ya Prusia ilikuwa imekataza shule alizozianzisha.

Fröbel hakuvumbua duara. Watoto wa vijiji walicheza kwa kuzunguka miaka mingi mbele yake, Ulaya na Afrika. Kwa Babembe wa Fizi, lubunga ni mahali ambapo watu wanakaa pamoja, wanazungumza na kukata maneno, na vijana wanajifunza kwa kusikiliza wakubwa. Kitu alichofanya Fröbel ni kuchukua michezo ya watoto, kuitafutia mpango na sababu, na kusema kwamba mtoto wa miaka 3 ao 4 anastahili mwalimu aliyejiandaa.

Mtoto aliyekosa mama

Friedrich Wilhelm August Fröbel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 huko Oberweissbach, kijiji cha milima na misitu katika eneo la Thuringia. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri, mtu wa kazi nyingi na mwenye ukali. Mama yake alifariki wakati mtoto huyo alikuwa na miezi 9 tu. Baba akaoa tena. Mwanzoni mama wa kambo alimpenda yule mdogo, lakini alipopata mtoto wake mwenyewe, upendo ule ulipoa. Friedrich akabaki mpweke ndani ya nyumba iliyojaa watu, akipitisha siku katika bustani iliyozungukwa na ukuta, akitazama maua na wadudu.

Alipofikisha miaka 10, mjomba wake mmoja, ndugu ya marehemu mama yake, alimchukua aishi naye katika mji wa Stadtilm. Hapo ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba anakaribishwa. Alienda shule pamoja na watoto wengine na kucheza nao kando ya mto. Watu walioandika juu ya maisha yake wanaona kwamba miaka ile ya mapema, ya upweke na ya kukaribishwa, ndiyo iliyozaa kazi yake yote. Mtu aliyekosa nafasi nyumbani kwao alitumia uzee wake kutafuta namna kila mtoto apate nafasi kati ya wenzake.

Kazi nyingi mbele ya kupata kazi yake

Kwa muda mrefu Fröbel hakujua atafanya nini. Mwaka wa 1797, akiwa na miaka 15, alitumwa kwa bwana mmoja wa misitu kujifunza kazi hiyo. Bwana huyo hakumfundisha sana, kwa hiyo kijana alisoma vitabu peke yake na kukusanya mimea. Mwaka wa 1799 alienda kwenye chuo kikuu cha Jena. Franga zilimwishia, akaingia katika deni, na akafungwa katika jela ya chuo kwa majuma 9. Baba yake alifariki mwaka wa 1802. Alifanya kazi za ofisi, kazi za kupima mashamba, kazi za shamba.

Mwaka wa 1805 alifika Frankfurt akitaka kujifunza kuchora nyumba. Huko, mkubwa wa shule moja, Anton Gruner, alimwomba ajaribu kufundisha. Fröbel aliingia darasani na hakutaka tena kutoka. Mwaka uleule alienda Yverdon, Uswisi, kumtembelea Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyejulikana Ulaya nzima kwa kufundisha watoto maskini kwa kuwaonyesha vitu badala ya kuwakaririsha maneno. Alirudi Yverdon mwaka wa 1808 pamoja na watoto 3 wa familia moja ya Frankfurt aliokuwa akiwalea, akakaa huko miaka 2.

Kwa Pestalozzi alijifunza kuanza na kitu ambacho mtoto anaweza kushika na kuona. Lakini aliona pia pengo: masomo yalikuwepo kwa wingi, ila uhusiano kati ya somo moja na lingine haukuonekana vizuri. Alipoenda kusoma tena, Göttingen mwaka wa 1811 na Berlin mwaka wa 1812, alivutwa na elimu ya mawe. Aliona kwamba hata jiwe linakua kwa mpango fulani. Wazo hilo, kwamba kila kitu kinakua kutoka ndani kwa mpango wake, alilipeleka baadaye kwa mtoto.

Mwaka wa 1813 vita vya kumfukuza Napoleon vilipoanza, Fröbel alijiunga na askari wa kujitolea. Hakupata sifa ya vita, lakini kambini alipata marafiki 2 vijana, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal, ambao walifanya kazi pamoja naye kwa miaka mingi. Vita vilileta pia ugonjwa wa tifusi. Ndugu yake Christoph, aliyekuwa mchungaji wa kijiji cha Griesheim, aliuguza askari, akaambukizwa na kufariki. Aliacha mjane na watoto 3.

Shule iliyoanza na watoto wa ndugu

Kifo hicho ndicho kilichomfanya Fröbel aache kazi ya kupanga mawe katika nyumba ya makumbusho ya Berlin. Mwaka wa 1816 alifungua shule Griesheim akiwa na wanafunzi 5 tu, wote watoto wa ndugu zake: wale 3 yatima wa Christoph na 2 wa ndugu mwingine. Mwaka wa 1817 shule ilihamia kijiji cha Keilhau. Middendorff na Langethal wakamfuata. Mwaka wa 1818 alimwoa Wilhelmine Hoffmeister, mwanamke msomi wa Berlin aliyekubali kuishi maisha magumu ya kijijini.

Keilhau watoto walilima, walijenga, walitembea milimani, walisoma. Idadi yao ilipanda hadi karibu 60. Lakini serikali za Ujerumani wakati ule ziliogopa kila mahali ambapo vijana walifundishwa kufikiri. Prusia ilishtaki shule hiyo kwamba inalea wapinga-utawala. Mkaguzi aliyetumwa alirudi na ripoti nzuri, lakini wazazi walikuwa wamekwisha kuogopa. Katika miaka michache wanafunzi walibaki wa kuhesabika kwa vidole, na madeni yakaongezeka. Kitabu kikubwa cha Fröbel juu ya elimu ya mwanadamu, kilichotoka mwaka wa 1826, hakikubadilisha hali hiyo. Ni kitabu kigumu kusoma, na wengi hawakukisoma.

Kuanzia 1831 alifanya kazi Uswisi, na mwaka wa 1835 alipewa kuongoza nyumba ya yatima huko Burgdorf. Akiwa huko na watoto wadogo sana, alifikia wazo ambalo lilibadilisha maisha yake: mtoto anapofika darasa la kwanza amekwisha kujifunza mengi sana, mazuri ao mabaya, na hakuna anayeangalia ile miaka. Alikuwa na zaidi ya miaka 50. Aliamua kuanza upya, safari hii na walio wadogo kuliko wote.

Mipira, vipande vya mti na duara

Mwaka wa 1837 Fröbel alifungua nyumba yake mpya huko Blankenburg, karibu na Keilhau. Alianza kutengeneza vifaa vya kuchezea ambavyo aliviita zawadi. Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira 6 laini ya sufu, kila mmoja wenye rangi yake na kamba yake. Ya pili ilikuwa tufe la mti, pia kipande chenye pande 6 zilizo sawa, na kingine chenye umbo la kopo. Zilizofuata zilikuwa vipande vya mti vilivyokatwa vidogo vidogo, ambavyo mtoto angeweza kuvitenganisha na kuviunganisha tena. Kila mtoto alipewa pia kisehemu chake cha bustani, na palikuwa na sehemu nyingine ya wote.

Zawadi hizo ndizo zinazotajwa sana katika vitabu. Lakini wageni waliofika Blankenburg walishangazwa zaidi na michezo ya pamoja. Watoto walishikana mikono wakafanya duara, na mwalimu akawa mmoja wao, hakusimama mbele. Mpira ulipita kutoka mkono kwenda mkono. Kulikuwa na michezo ya kutembea, ya kuiga mto unavyozunguka-zunguka, ya kuiga gurudumu, ya kuiga kazi za wakubwa.

Mchezo mmoja unaonyesha vizuri akili ya Fröbel. Watoto wengi wanafanya duara, na duara hilo ni nyumba ya njiwa. Wachache wanakaa katikati, hao ndio njiwa. Kwa wimbo, duara linainua mikono, nyumba inafunguka, njiwa wanaruka nje na kuzunguka uwanjani. Kisha wanarudi, mikono inashuka, nyumba inafungwa. Njiwa waliorudi wanaeleza walichoona huko nje.

Kwa mtu mzima ni mchezo wa dakika chache. Kwa mtoto wa miaka 4 ni kazi kubwa. Anasubiri zamu yake. Anafuata wimbo kwa mwili wote. Anatoka peke yake mbali na kundi, na anarudi akijua kwamba mlango utafunguliwa. Anapanga maneno kusudi wenzake wamwelewe. Wale waliobaki katika duara nao wana kazi: bila wao nyumba haipo. Mtoto yatima wa Oberweissbach, aliyefungiwa katika bustani yenye ukuta, alitengeneza nyumba ambayo mtu anaweza kutoka na kurudi.

Mwaka wa 1844 Fröbel alitoa kitabu cha nyimbo na michezo kwa ajili ya wamama, chenye picha na maelezo. Alitaka mama anayecheza na vidole vya mtoto wake ajue kwamba tayari anafundisha. Alizunguka katika vijiji akitazama wamama na watoto wakicheza, akachukua alichoona, akakipanga, akakirudisha.

Jina, na wanawake walioibeba kazi

Kwa miaka 3 kazi hiyo ilikosa jina zuri. Inasimuliwa kwamba Fröbel alilipata akitembea na Middendorff kwenye njia ya mlima inayotoka Keilhau kwenda Blankenburg: Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Tarehe 28 Juni 1840 alizindua rasmi shule kwa jina hilo. Maana yake ilikuwa wazi kwa mkulima yeyote. Mche hauvutwi ili urefuke. Unapaliliwa, unamwagiliwa, unakingwa na jua kali, na unaachwa ukue kwa wakati wake.

Sherehe hiyo haikuwa ya furaha tupu. Wilhelmine, bibi yake, alikuwa amefariki mwaka wa 1839. Hawakuzaa mtoto.

Fröbel alianza kwa kufundisha vijana wanaume, lakini haraka aliona kwamba wanawake ndio watakaoibeba kazi. Wakati huo mwanamke wa Ujerumani aliye na elimu alikuwa na kazi chache sana za kufanya nje ya nyumba. Fröbel aliwaambia wasichana kwamba kulea watoto wadogo ni kazi inayohitaji masomo, na akafungua mafunzo kwa ajili yao. Mwaka wa 1848 aliita mkutano wa walimu huko Rudolstadt. Wengine walimcheka mzee huyu anayeimba na kuruka na watoto, lakini mwishoni mkutano uliamua kuomba bunge la Frankfurt liunge mkono shule za watoto wadogo.

Mwaka wa 1849 alihamia upande wa Bad Liebenstein. Huko, mwanamke mmoja wa familia ya kitajiri, Bertha von Marenholtz-Bülow, aliambiwa na watu wa mahali pale kwamba kuna mzee mwenye kichwa kibovu anayecheza na watoto wa kijiji. Alienda kutazama. Alikuta mzee mwenye nywele ndefu za mvi akiongoza kundi la watoto wengi kwa nyimbo, na hakumwona kuwa mjinga hata kidogo. Kuanzia siku hiyo alikuwa msemaji wake mkubwa kwa wenye mamlaka wa Ulaya.

Amri ya Berlin

Mwezi wa Julai 1851 Fröbel, akiwa na miaka 69, alimwoa Luise Levin, mmoja wa wanafunzi wake wa zamani. Majuma machache baadaye, tarehe 7 Agosti 1851, waziri wa elimu wa Prusia, Karl von Raumer, alikataza shule zote za Kindergarten katika ufalme huo. Sababu iliyotolewa ni kwamba zinafundisha watoto kumkana Mungu na kufuata ujamaa.

Sehemu ya jambo hilo ilikuwa kosa la jina. Karl Fröbel, mtoto wa ndugu yake, alikuwa ameandika kijitabu juu ya shule za wasichana na shule za watoto wadogo, na mawazo yake ya siasa yalijulikana. Wakubwa wa Berlin walichanganya watu 2. Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji, mtu aliyeona mkono wa Mungu katika kila jani, alimwandikia waziri, kisha mfalme, akieleza kosa hilo. Haikusaidia. Amri ilibaki.

Kosa la jina si sababu yote. Ujerumani ilikuwa imetoka katika mapinduzi ya 1848 yaliyoshindwa. Watoto wa matajiri na wa maskini kushikana mikono katika duara moja, wasichana kupata kazi na mshahara, mtoto kuzoezwa kusema alichoona: serikali iliyoogopa watu wake haikupenda hayo.

Mwaka wa 1852, muda mfupi mbele ya kifo chake, Fröbel aliingia katika mkutano wa walimu huko Gotha, na watu wote wakasimama kwa heshima. Alifariki huko Marienthal tarehe 21 Juni 1852, akiwa na miaka 70. Alizikwa katika kijiji cha Schweina. Juu ya kaburi lake kulijengwa maumbo 3 ya zawadi ya pili: chini kipande cha pande 6, katikati kilicho kama kopo, juu tufe.

Katazo lilivyoeneza mbegu

Amri ya Prusia iliondolewa mwaka wa 1860. Lakini katika miaka hiyo Wajerumani wengi walikuwa wamekimbilia inchi zingine, na walienda na michezo ile. Margarethe Schurz alifungua shule ndogo kwa Kijerumani huko Watertown, jimbo la Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1856. Mwaka wa 1860 Elizabeth Peabody alifungua ya Kiingereza huko Boston. Mwaka wa 1873 Susan Blow alianzisha ile ya St. Louis ndani ya shule za serikali. Mwaka wa 1876 Japani ilifungua yake Tokyo. Katika vyumba vya Marekani duara lilichorwa sakafuni kwa rangi, na kila asubuhi watoto walisimama juu ya mstari huo.

Ubelgiji nayo ilipokea kazi hiyo mapema, kupitia safari za Bertha von Marenholtz-Bülow. Kwa miaka mingi walimu wa watoto wadogo wa Ubelgiji waliitwa kwa jina la Fröbel, na shule zenyewe ziliitwa gardiene. Kutoka huko neno gardiene lilifika Kongo, na hata leo wazazi wa Kivu wanalitumia.

Si yote waliyofanya wafuasi wake yalikuwa mazuri. Wengi waligeuza zawadi na duara kuwa sheria kali: watoto wote wanafanya kitu kilekile, dakika ileile, kwa amri ya mwalimu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1800, walimu kama Patty Smith Hill wa Marekani walipinga hali hiyo. Walisema mtoto anayekaa kimya katika duara nusu saa akisubiri ruhusa ya kujikuna hajifunzi. Walibaki na duara, lakini wakalifupisha na kuwaacha watoto waongee. Wanaofundisha watoto wadogo leo wanafuata zaidi njia hiyo.

Fröbel na walimu wa Fizi

Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua maternele kama mwanzo wa elimu ya taifa, kwa muda wa miaka 3, kuanzia mtoto wa miaka 3. Lakini elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 iliangalia shule za msingi za serikali. Kwa maternele, mara nyingi mzazi ndiye anayelipa. Katika teritware ya Fizi, ambamo vita vimefukuza familia mara nyingi, tangu zile zilizovuka ziwa kwenda Nyarugusu mwaka wa 1996 hadi zinazoshuka kutoka milimani leo, watoto wengi wanaingia darasa la kwanza bila kupita popote. Walio na nafasi wanakaa katika darasa lenye watu wengi, lugha nyingi na vifaa vichache.

Hapo ndipo kazi ya Fröbel bado inafaa, kwa sababu duara halihitaji franga. Linahitaji mwalimu aliyepanga. Fröbel hakuingia uwanjani bila kujua atacheza nini, kwa wimbo gani, na mchezo utaishia wapi. Mpango wa mwalimu wa leo unaweza kuwa mfupi, lakini una sehemu zake.

Kwanza, jambo moja tu kwa siku. Ikiwa ni samaki, basi wimbo, hadithi na mchezo vyote viwe juu ya samaki: ndagala ni mdogo, mikeke ni mkubwa, mvuvi anatoka usiku na taa. Mtoto wa Baraka ana maneno mengi juu ya ziwa, na mtoto aliyeshuka kutoka Fizi-centre ana yake juu ya mashamba na ng'ombe.

Pili, muda. Kwa watoto wa miaka 3, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kwa wa miaka 5, dakika 20. Wakianza kulala chini na kusukumana, muda umekwisha, hata kama hadithi haijaisha.

Tatu, mpangilio usiobadilika-badilika: wimbo wa kuita, salamu ya kila mtoto kwa jina lake, jambo la siku, mchezo wa kusimama na kutembea, wimbo wa kumaliza. Mtoto aliyezoea kukimbia usiku hana hakika na kesho. Kujua kitakachofuata katika dakika hizo 15 kunampa utulivu ambao maneno matupu hayawezi kumpa.

Nne, mahali na idadi. Duara linachorwa kwa majivu ao kwa fimbo mchangani. Darasa ikiwa na watoto 50, duara moja ni kubwa mno: wa upande mwingine hasikii, na zamu haimfikii. Afadhali maduara 2, moja na mwalimu, lingine na msaidizi ao mzazi. Kama mwalimu yuko peke yake, kundi moja linacheza na udongo ao vijiti karibu naye huku lingine likiwa katika duara, kisha wanabadilishana.

Tano, mpira. Mipira ya sufu ya Blankenburg haipatikani, lakini mpira wa matambara ao wa majani ya migomba unafanya kazi ileile. Anayeshika mpira ndiye anayesema. Asiyetaka kusema anaupitisha, na hakuna anayemcheka. Anayejua Kibembe, Kifuliiru ao Kirundi peke yake aanze kwa lugha yake, wenzake watamfundisha Kiswahili kwa nyimbo.

Sita, kutoka. Mwalimu asiwaache watoto wote wakimbie mara moja. Aite kikundi kidogo kidogo: wenye nguo nyekundu, kisha wenye jina linaloanza na sauti fulani. Hiyo nayo ni somo.

Mpango huo unaandikwa kwenye nusu ukurasa wa kaye, jioni ya siku iliyotangulia. Wakaguzi na wakubwa wa shule wanaotembelea darasa la maternele wanaweza kuuomba, kama wanavyoomba maandalizi ya somo la hesabu katika shule ya msingi. Na mzazi wa Baraka ao wa Fizi anayelipa kwa shida anaweza kuuliza jambo jepesi mtoto anaporudi nyumbani: leo katika duara, zamu yako ilifika, na ulisema nini?